Kupunguza uzito kwa mazoea yanayodumu: mwongozo kwa nyumba za Mtwara na Lindi

Mtu anayeamua kupunguza uzito akiwa Mtwara au Lindi hukabiliwa na jambo ambalo miongozo mingi hailitaji, nalo ni kwamba miezi ya mwaka wa Kusini hailingani. Kuna miezi ya kulima na kupalilia, ambapo mwili hufanya kazi tangu alfajiri na ghala la chakula linakaribia kuisha. Kuna miezi ya korosho, hasa kuanzia Oktoba hadi Desemba, ambapo minada hufanyika, fedha huingia na nyama, soda na pilau huonekana mara nyingi kuliko kawaida. Kuna mwezi wa Ramadhani pamoja na futari zake, na kuna vipindi vya unyago na harusi. Mpango wa kula uliotungwa kana kwamba siku zote ni sawa huvunjika msimu unapobadilika, na kilo zilizopungua hurudi zikiwa na nyongeza. Kwa sababu hiyo hatua zinazofuata zimepangwa kwa ajili ya chungu cha nyumba nzima. Sishauri mtu mmoja apikiwe chakula chake pembeni, kwa sababu mpishi atachoka, gharama itapanda na mlaji mwenyewe atajiona mgonjwa katikati ya watu wazima.

Kabla ya kuanza

Wapo watu wasiopaswa kuanza peke yao. Mama mjamzito na mama anayenyonyesha waulize kwanza kliniki. Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari lazima amwone mtaalamu, kwa kuwa akipunguza chakula huku dozi ikibaki ileile, sukari yake inaweza kushuka hadi akazimia. Anayetumia dawa za presha aeleze nia yake pia, maana uzito ukipungua presha hushuka na huenda dozi ikahitaji kurekebishwa. Mwenye maumivu ya kifua, anayehema sana kwa kutembea kidogo, au ambaye magoti yake yamevimba, achunguzwe kabla ya mazoezi. Na yule ambaye uzito unampungua wenyewe bila kukusudia hahitaji mwongozo huu hata kidogo: anahitaji vipimo, vikiwamo vya sukari, kifua kikuu na Virusi vya Ukimwi.

Si lazima kusafiri hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula pale Mtwara au ile ya Sokoine mjini Lindi ili kupimwa uzito, presha na sukari, kwa sababu kituo cha afya cha karibu kwa kawaida hufanya vipimo hivyo.

Hatua ya kwanza: jua unapoanzia

Pima uzito kwa kilo na urefu kwa mita, kisha gawanya uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye kilo 82 na urefu wa mita 1.60 atagawanya 82 kwa 2.56, na atapata 32. Kwa mtu mzima, jibu lililo kati ya 18.5 na 24.9 ni la kawaida, kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ndiyo hali ambayo wataalamu wetu wa afya huiita kiribatumbo.

Baada ya hapo chukua futi ya fundi cherehani na upime kiuno, katikati ya ubavu wa chini kabisa na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi bila kubana tumbo. Kwa mwanamke, kuanzia sentimita 80 hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo huongezeka, na kuanzia 88 huongezeka zaidi. Kwa mwanamume mipaka hiyo ni 94 na 102. Mimi huwasihi watu wasiuache mzunguko wa kiuno, kwa sababu mafuta yanayokaa tumboni kuzunguka ini na utumbo yana madhara makubwa kuliko yale ya mapajani, na futi ya fundi huyaona hata mizani inapokuwa imesimama.

Lengo la kwanza liwe asilimia 5 ya uzito ulionao. Kwa mtu wetu wa kilo 82 hizo ni kilo 4 hivi, nazo zinatosha kuanza kushusha presha na sukari. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2002, uliofuatilia watu waliokuwa karibu kupata kisukari, ulionyesha kwamba waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata ugonjwa huo kwa asilimia 58. Hawakutakiwa kuwa wembamba, bali kupunguza kiasi hicho na kukishikilia. Mwendo mzuri ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Anayeahidiwa kilo kumi ndani ya mwezi kwa chai ya kuharisha au vidonge visivyojulikana vilivyotoka wapi anapoteza maji na nyama ya mwili, na huenda akaharibu figo au moyo.

Hatua ya pili: andika siku saba bila kubadilisha kitu

Kwa wiki moja kula kama ulivyozoea, lakini andika kila kinachoingia kinywani pamoja na saa yake: chai na idadi ya vijiko vya sukari, andazi ulilopewa na jirani, ukoko ulioubandua chunguni, wali ulioachwa na watoto ukaona dhambi kuutupa, soda ya kumkaribishia mgeni. Anayepika ndiye mwenye mengi ya kuandika, kwa kuwa huonja mchuzi na kumalizia masazo, na kisha huketi kula na wenzake kana kwamba ndiyo anaanza. Bila daftari hilo utaulaumu ugali, ilhali kilichoongeza uzito kimepita bila kuonekana.

Hatua ya tatu: mafuta, nazi na sukari

Hapa ndipo pana mavuno makubwa kuliko mahali pengine popote, na ndiyo maana nitakaa hapa kwa muda. Gramu moja ya wanga au protini huupa mwili kilokalori 4 (kilokalori ni kipimo cha nishati ya chakula), lakini gramu moja ya mafuta hutoa 9. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kilokalori 120 hivi, na mkono wa mpishi anayemimina bila kupima unaweza kuweka vijiko vitano pale ambapo viwili vingetosha.

Fanya hivi. Siku unayofungua lita ya mafuta, andika tarehe juu ya chupa kwa kalamu ya wino, na siku inayokwisha hesabu siku zilizopita. Nyumba ya watu watano inayomaliza lita moja kwa siku nne inampa kila mtu mililita 50 kwa siku, ambazo ni zaidi ya kilokalori 400. Lita hiyohiyo ikidumu siku nane, kila mtu amepunguziwa kilokalori 200 kila siku bila kupunguza hata tonge moja la ugali. Anayenunua mafuta kwa kipimo dukani aandike idadi ya vipimo kwa wiki. Sukari ihesabiwe vivyo hivyo: kilo moja kwa watu watano ikiisha kwa siku nne, kila mmoja amekula gramu 50 kwa siku, ambao ndio ukomo uliowekwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima wa kawaida, tena kabla ya kuhesabu soda. Ikidumu siku nane ni gramu 25, kiasi ambacho shirika hilo linasema kina manufaa zaidi.

Ili mafuta yadumu, pimeni kwa kijiko badala ya kumimina, na kaangeni kitunguu kwa kijiko kimoja au viwili huku mkiongeza maji kidogo kidogo kinapoanza kushika. Samaki ndiye anayefaidika zaidi na mabadiliko haya. Changu au kibua akipikwa chukuchuku, kwa ndimu, chumvi kidogo, nyanya na pilipili, hahitaji mafuta kabisa, na wa kuchoma hali kadhalika, wakati yule anayezama kwenye karai hutoka amebeba mafuta mengi. Dagaa wakavu wachemshwe kwa nyanya. Ng'onda na papa wa chumvi walowekwe na maji yamwagwe kabla ya kupikwa, hasa nyumba yenye mtu mwenye presha, kwa kuwa kiasi cha chumvi kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa.

Nazi inahitaji busara, kwa sababu kumwambia mtu wa pwani aache nazi ni kumwambia aache kupika. Tui la kwanza, ile kasimile, ndilo lenye mafuta mengi. Wali unaweza kupikwa kwa tui la pili na la tatu ukabaki na harufu yake, na kasimile ikatiwa kijiko kimoja kimoja kwenye kisamvu au mbaazi mwishoni. Nazi moja iliyokuwa ikitumika kwa mlo mmoja itumike kwa milo miwili. Na siku ya wali wa nazi, mchuzi usiwe wa nazi. Siku ya mchuzi wa nazi, wali uwe wa maji au uliwe ugali. Kanuni hiyo moja, ya nazi kutokaa kwenye vyungu viwili kwa siku, nimeona nyumba nyingi zikiipokea kwa urahisi kuliko katazo lolote.

Korosho nayo ni ya kwetu, ina protini na mafuta mazuri, na sioni sababu ya kuiondoa. Ila gramu 30, ambazo ni kiganja kimoja, zina kilokalori 165 hivi, na aliyeweka bakuli mbele yake wakati wa mazungumzo anaweza kula mara nne ya hizo kabla ya chakula cha usiku. Itolewe kwa kiganja na chombo kirudishwe kabatini. Bibo lenyewe ni tunda lenye vitamini C nyingi na nishati ndogo, lakini likishageuzwa pombe hesabu hubadilika, kwa kuwa gramu moja ya kilevi ina kilokalori 7.

Hatua ya nne: sahani na sinia

Nusu ya sahani iwe mboga za majani na matunda, robo iwe ugali, wali au muhogo, na robo iliyobaki iwe samaki, mbaazi, choroko, kunde, mayai au kuku. Matembele, kisamvu, mchicha, msusa, mlenda na majani ya kunde hayagharimu sana, na mengine huota nyuma ya nyumba.

Wengi huamini kwamba ugali wa muhogo hauongezi uzito. Kwa kweli unga wa makopa hautofautiani sana na wa mahindi kwa nishati, na una protini kidogo mno, kwa hiyo anayeula kwa mchuzi mwepesi pekee huona njaa mapema na kurudi jikoni. Akiula tonge la ukubwa wa ngumi yake pamoja na bakuli la mbaazi na mboga nyingi, atakaa saa nyingi bila kuhangaika. Mbaazi kavu zina protini zaidi ya asilimia 20 na nyuzinyuzi nyingi, nasi tunazilima wenyewe. Nasikitika kila ninapoziona zikipelekwa sokoni zote wakati nyumbani hakuna hata pishi moja.

Sinia la pamoja lina uzuri wake na halina haja ya kuvunjwa, ila ni vigumu kujua umekula kiasi gani. Njia inayofaa ni kujichotea kwanza mboga na mbaazi kwenye kibakuli chako na kuzila, ndipo uingize mkono sinia lenye wali, ukiwa upande wako na ukila taratibu. Ukinawa, umemaliza. Shibe huchukua kama dakika 20 kufika kichwani, na anayekula haraka huipita bila kuiona.

Hatua ya tano: chai ya asubuhi

Maandazi, vitumbua na chapati vihamishiwe siku moja au mbili za wiki. Siku nyingine chai iliwe kwa muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu, magimbi au ming'oko inapopatikana, pamoja na yai au mbaazi. Sukari ipungue kwa nusu kijiko kila wiki mbili. Ulimi huzoea, na tangawizi, mdalasini na hiliki husaidia.

Hatua ya sita: mwili ufanye kazi

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na mazoezi ya kukaza misuli angalau siku mbili. Wastani maana yake ni kwamba unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Anayepalilia shamba tangu asubuhi hadi jua kali ametimiza kiasi hicho na zaidi, na hahitaji kukimbia jioni. Shida humpata anapomaliza msimu, kwani hubaki na hamu ileile ya chakula wakati jembe limeshatundikwa. Mwenye duka, mtumishi wa ofisini na dereva wa bodaboda wana shida hiyo mwaka mzima.

Anza kwa dakika 10 kwa siku, kwa wiki ya kwanza, ukikaza mwendo kama mtu anayewahi gari. Ongeza dakika 5 kila wiki hadi ufike 30, siku tano kwa wiki. Tembea baada ya sala ya alfajiri au baada ya alasiri jua likiinama, hasa kuanzia Novemba hadi Machi ambapo joto la pwani yetu humchosha hata aliyezoea, na kunywa maji kabla ya kutoka. Mtwara mjini, ufuko wa Shangani maji yakiwa yamekupwa ni mahali pazuri, na mchanga mgumu hausumbui magoti. Lindi ina vilima ndani ya mji, na kupanda kilima kimoja taratibu ni kazi kubwa kuliko kutembea tambarare kwa muda mrefu. Wa Newala wanaoishi ukingoni mwa uwanda wa Makonde wanajua miteremko ilivyo: waanze na njia za juu kabla ya kushuka, kwani kurudi ni lazima. Wanawake wanaoona haya kutembea peke yao watembee wawili au watatu, kwa kanga au baibui na viatu vilivyofungwa vizuri. Tena mwenzako akikusubiri mlangoni, kughairi kunakuwa kugumu.

Kwa misuli hakuna haja ya vyuma. Kaa kwenye kigoda na usimame bila kushika kitu mara 10, pumzika, rudia mara mbili. Sukuma ukuta kwa mikono miwili mara 10. Beba ndoo mbili zilizojaa nusu, moja kila mkono, mgongo ukiwa umenyooka. Misuli ikihifadhiwa, mwili huendelea kutumia nishati hata ukiwa umelala, na mtu hapungui nyama akabakiza mafuta. Mikanda ya kubana tumbo hutoa jasho tu. Haiyeyushi mafuta ya mahali ilipofungwa.

Nishauri pia kwamba mazoezi yasigeuzwe kibali cha kula. Nusu saa ya kukaza mwendo hutumia kilokalori 150 hivi, nazo hurudishwa na andazi moja kubwa. Chakula ndicho kinachoshusha uzito kwa sehemu kubwa, na mazoezi ndiyo yanayouzuia usirudi, pamoja na kuulinda moyo.

Hatua ya saba: panga kwa misimu

Mwezi wa Septemba, kabla ya fedha za korosho, nyumba ikae na kukubaliana mambo mawili au matatu, si zaidi: soda itaingia nyumbani siku gani, nyama ya kukaanga mara ngapi kwa wiki, na safari gani zitaendelea kufanywa kwa miguu hata fedha ya bodaboda ikiwapo. Lengo la miezi hiyo lisiwe kupungua. Liwe kubaki pale ulipo, na hilo likifanikiwa ni ushindi mkubwa, kwani ndicho kipindi ambacho kazi ya miezi sita hupotea. Embe zikijaa, kula embe moja au mbili nzima ni salama kuliko kunywa juisi yake iliyotiwa sukari.

Katika Ramadhani, wengi hushangaa kumaliza mwezi wakiwa wameongezeka. Sababu huwa ni mezani: uji wa sukari, mihogo ya nazi, tambi, kalimati na sambusa kwa pamoja, na usiku chakula kingine. Fungua kwa tende na maji, swali magharibi, kisha ule wanga wa aina moja tu pamoja na samaki na mboga. Vya kukaanga viwe kimoja kwa siku. Daku isiachwe, na iwe na kunde au yai ili ikae tumboni. Kwenda kwa miguu kwenye tarawehe ni mazoezi ya kutosha mwezi huo.

Kwenye harusi na unyago, usiende na njaa, pakua mara moja, na shika chupa ya maji mkononi mapema ili usiletewe soda.

Hatua ya nane: maneno ya watu

Jambo hili limewarudisha nyuma wengi kuliko njaa. Kwetu unene bado husomwa kama dalili ya kutunzwa, na mtu akianza kupungua huulizwa kama anaumwa au kama nyumba yake ina matatizo. Jibu liandaliwe mapema na liwe fupi. Wifi akisema, "Mama Asha, mbona umepukutika hivyo, una nini?" inatosha kumjibu, "Niko salama wifi yangu, daktari kaniambia nipunguze presha, nami naitikia." Habishani mtu na presha. Ukiwa mgeni kwa mama mkwe na akakuongezea wali, kula polepole ukibakiza chakula sahanini, msifu kwa mboga na umwombe hiyo zaidi. Mwenyeji huridhika anapoona unakula, na hajali sana unakula kipi. Waume nao wana wajibu hapa, maana mke anayejaribu kupunguza mafuta huku mumewe akidai vya kukaanga kila usiku amewekewa mlima ambao hakuuchagua.

Hatua ya tisa: uzito ukigoma

Pima mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya chai, kwa mizani ileile. Kilo moja au mbili hupanda na kushuka kwa ajili ya maji na chumvi, kwa hiyo linganisha wiki nne na siyo siku mbili. Ukishafika kwenye lengo endelea kupima, na ukiongezeka kilo 2 kwa muda wa mwezi rudi kwenye tarehe za chupa ya mafuta.

Baada ya miezi michache uzito husimama hata kwa mtu mwaminifu, kwa sababu mwili uliopungua huhitaji nishati ndogo kuliko ule wa mwanzo. Rudia daftari la siku saba, ongeza dakika 10 za kutembea, na angalia usingizi: anayelala kwa muda wa saa tano tu huamka na njaa kubwa na hutamani vitamu, wakati mtu mzima anahitaji angalau saa saba.

Miezi mitatu ikipita bila kilo wala kiuno kubadilika, na daftari linaonyesha umefuata hatua, nenda hospitali ukiwa na daftari hilo pamoja na dawa zote unazotumia. Baadhi ya sindano za uzazi wa mpango, dawa za jamii ya steroidi, insulini na baadhi ya dawa za kifafa na za magonjwa ya akili zinaweza kuongeza uzito, na tezi ya shingo inayofanya kazi kwa ulegevu huleta unene, uchovu na kuhisi baridi hata katika joto letu. Usisimamishe dawa yoyote mwenyewe. Mwombe daktari aangalie kama ipo nyingine inayofaa, na kama tezi inahitaji kupimwa.